Jumuiya Inakuombea

Kilindoni, Mafia
9 Machi 2024

Mwanangu Devotha,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi huku wazima, wasiwasi wangu ni wewe tu. Baba yako Isdory yuko Jibondo shuleni kwake, anarudi Ijumaa na mfuko wa nguo chafu kama kawaida. Mdogo wako Valence anakusalimia, amerefuka, suruali zote zimekuwa fupi. Bibi yako goti linamsumbua ila mdomo hausumbui. Jirani Mwanamkuu naye anakusalimia, anasema mwani wake msimu huu umeoza, na anauliza huko kwa masista mnakula samaki au maharage tu. Je, wewe? Kifua kimepona? Unakula?

Barua yako ameniletea Padre. Nimeisoma polepole, nikairudia, bado sijaelewa. Unasema tangu Noeli ukipiga magoti hupati kitu, kama unaongea na ukuta. Wewe Devotha! Wewe uliyekuwa ukiimba Pasaka machozi yanakutoka mpaka Mama Faraja wa jumuiya yetu anakupa kitenge chake ujifute! Sasa mtu analala nyumba moja na Ekaristi, anamkosaje Mungu? Nimemwuliza baba yako, kasema, "Mwache." Nimwache vipi?

Ila usiogope. Alhamisi kwenye jumuiya walipouliza nani ana nia ya kuombewa, nilisimama nikawasomea barua yako yote. Wamelia! Tumeanza novena, siku tisa za sala. Katekista Deusdedit atamwandikia Mama Mlezi wako akusaidie. Wakristo wote wa hapa wanakuombea, na vile sisi ni wachache, hakuna asiyejua.

Nijibu haraka nipate usingizi.

Mama yako,
Leonia


Unovisi
21 Aprili 2024

Mama, shikamoo.

Shikamoo kwa baba na bibi. Valence asile sana. Mwanamkuu mwambie ni maharage. Kifua kimepona.

Mama, barua ya Katekista imefika. Mama Mlezi aliniita, akaniuliza kama nataka kurudi nyumbani. Nadhiri ni Agosti, wanovisi wenzangu wanashona mavazi. Siku moja nasali naona kama nitapaa, halafu wiki nzima kimya. Sijui kama Mungu ananiambia niondoke au nimechoka tu.

Mama, yale nilikuandikia wewe. Sikuiandikia jumuiya.

Naomba unijibu kitu kimoja: wewe hujawahi kuwa hivi?

Binti yako,
Devotha


Kilindoni
2 Juni 2024

Mwanangu Devotha,

Marahaba. Wote wazima, goti la bibi lile lile. Nimechelewa kwa sababu naanza kuandika, nachana.

Nilikwenda jumuiya kuwaambia waache. Nikasema, "Basi, inatosha, ahsanteni." Wakadhani sala zimejibiwa! Vigelegele! Mama Faraja amekwisha kununua vitenge vya sare ya nadhiri zako, anapima watu viuno. Nikaaga, nikaondoka. Nilipomsimulia Mwanamkuu alicheka mpaka akakaa chini. "Mama Devotha, nyie mnamwombea mtu mpaka anakosa pa kujificha!" Nikakasirika, nikacheka, nikaishia kulia.

Umeniuliza. Sikutaka kusema nisije nikakuharibia. Ndiyo, nimewahi. Hata sasa. Pasaka mshumaa ulipowashwa nilijisikia mwepesi, nikasema kumbe nimepona. Jumatatu nafua nguo, hakuna kitu. Naongoza rozari, mdomo unakwenda, mimi sipo. Sijui ni dhambi, sijui ni uzee, Padre naogopa kumwuliza. Ulipoandika ukuta nilishtuka, kwa maana naujua. Nikadhani nimekuambukiza, ndipo nikakimbilia kwa watu.

Sasa nikikuombea sijui niombe nini. Ubaki? Urudi? Nalitaja jina lako, nanyamaza. Kitanda chako kipo. Na ukiweka nadhiri nitakuja. Ila usiamue kwa ajili ya vitenge.

Nijibu mapema, mama.

Mama yako


Unovisi
14 Julai 2024

Mama, shikamoo.

Nilisoma barua yako nikalia, kisha nikalala usingizi ambao sijaulala tangu Noeli.

Nimemwomba Mama Mlezi aniongezee mwaka, amekubali. Agosti siweki nadhiri. Nyumbani pia sirudi. Kwenye sala bado kimya. Usiniulize kwa nini nimebaki, mama, hata mimi sijui vizuri.

Uniombee msamaha kwa Mama Faraja.

Binti yako


Kilindoni
4 Agosti 2024

Mwanangu,

Marahaba. Mwaka mzima! Sijui nimefurahi au nimehuzunika, vyote vimekuja pamoja. Baba yako anatamba, "Si nilisema mwache?" Bibi anauliza sherehe lini. Mama Faraja amenuna, anasema vitenge tutavaa Noeli, apende Devotha asipende.

Alhamisi wakauliza nia. Macho yote kwangu. Nikasema, "Ninayo, ya moyoni."

Mama Faraja akadakia, "Ya Devotha?"

"Ya moyoni, Mama Faraja."

Ikabidi wainamishe vichwa. Tukanyamaza wote. Sikusikia kitu, mwanangu. Nikawaza, labda na wewe huko saa hizi husikii kitu, basi tuko wawili.

Niandikie upesi. Kama huna jipya, andika kwamba huna jipya.

Mama yako,
Leonia