Kichujio cha Lile Gari la Kijani

Miyuji, Dodoma
14 Agosti 2024

Mpendwa mpwa wangu Lameck,

Kuna jambo la lile gari la kijani nililokuficha tangu tulipomzika Ruthu, mke wangu aliyekulea. Nimelitanguliza kabla ya salamu ili nisipate mwanya wa kulikimbia tena.

Sasa nikuulize: hujambo? Josephine na watoto wazima? Baridi ya Tunduma mnaivumilia? Mimi moyo umechoka, na daktari hanifichi. Binti yangu Erica amerudi nyumbani ananipikia uji. Nikitoka kitandani hadi barazani, napumzika kama niliyepanda mlima.

Upepo wa kiangazi umeanza. Vumbi linaingia hata kwenye vyombo vilivyofunikwa, nami nikiliona sili.

Unakumbuka ulivyolibadilisha gari. Ulitoa sanduku la kichujio cha hewa, mnachokiita eklina, ukafunga koni ya wazi ili injini ivute hewa nyingi. Likanguruma kama lori. Nikakuambia, "Lameck, nimefundisha fizikia maisha yangu yote. Hiyo ni sauti, si nguvu." Ukacheka: "Mjomba, acha mambo ya ubao! Kanyaga mafuta kwanza."

Tukalipima kwenye kilima cha kwenda Kongwa, wewe umeshika saa. Kwa koni au bila koni, lilipanda kwa muda uleule. Tena koni ilivuta hewa ya moto ya injini, na vumbi letu jembamba lilipenya. Nikakuamuru urudishe vya kiwandani. Ukarudisha bila kinyongo.

Sikukuambia kwamba niliutamani ule mngurumo. Kijijini kwetu Kongwa vijana walikuwa wakisimama kando ya njia na kusema, "Mwalimu kaja na ndege!" Mstaafu asiyeamkiwa tena na darasa zima alizipenda kelele zile kuliko hesabu zake. Kiangazi chote kile sikukuletea gari gereji. Nilisingizia kazi za kanisa.

Ruthu alipozidiwa akiwa kwa dada yake kijijini, nilimpakia nimwahishe hospitali. Kwenye kilima kilekile gari likatoa moshi wa bluu, likaishiwa nguvu, likazimika. Akanishika mkono. "Baba Erica, mpigie Lameck," akasema. Ulikuja mbio na gari la kuvuta, lakini yeye alikuwa ametangulia.

Ulipolifungua sanduku la eklina na kulikuta tupu, vumbi likiwa limeila injini, ulikaa chini vumbini ukalia: "Mjomba, nimemuua mama. Nilisahau kurudisha eklina." Nilisimama pale nikanyamaza.

Siku ya kuanua matanga, wazee walipouliza kilicholizima gari, ulijibu mwenyewe mbele ya ukoo. Kwetu mjomba ndiye wa kumkingia kifua mpwa wake, na wote walinigeukia wakinisubiri. Niliinamisha kichwa, wakaona nimekubali. Ukaacha spana, ukahama. Nasikia leo unauza mitumba, na mtu akikuomba umtazamie injini unaondoka.

Sikuombi uje kunizika. Ukija, Erica anajua pa kukulaza. Usipokuja, sitakuwa na la kukulaumu. Nakala ya barua hii nimemwagiza Erica aisome mbele ya wazee walewale, nikiwa bado hai, ili waniulize mimi.

Msalimie sana Josephine, na uwabusu watoto ambao sijawaona. Kaka yako Filipo anakukumbuka kila tunaposali. Mungu aliyempokea Ruthu akulinde, akupe usingizi nilioutwaa.

Hukusahau, Lameck. Eklina uliirudisha na kifuniko ukakikaza vizuri. Niliitoa mimi, kwa mikono yangu, asubuhi moja kabla ya kwenda Kongwa, ili gari lingurume.

Mjomba wako, aliyekupenda lakini hakukutetea,
Stanley