Jani Jeusi la Kiti cha Nane

Ghala la zamani la korosho,
Kibiti.
Jumapili asubuhi.

Dada yangu Mwanaamina,

"Viti hivi vimefumwa kwa mashine nje ya nchi, kwani hapa kwetu hakuna tena mikono ya kazi kama hii." Ndivyo alivyosema mtangazaji Richard kwenye televisheni, huku akipapasa kiti cha behewa letu la kale la treni kama mtu anayepapasa ng'ombe mnadani. Nimeanza na maneno yake kabla ya salamu, unisamehe, kwa kuwa wiki ya tatu hii yamenikaa kooni. Ni uongo. Viti vile havikutoka nje ya nchi. Mikanda yake ya ukindu ilitoka Mbwara, ikavuka mto Rufiji juu ya basi ikiwa imefungwa kwa kamba, ikateremshwa hapa Kibiti. Na mashine iliyovifuma ina vidole kumi na mguu mmoja uliovimba, na jina lake ni Mwanaamina binti Mshamu.

Sasa shikamoo, dada. Mguu unaendeleaje? Shemeji hajambo? Mpunga umeshavunwa au ndege wameuwahi? Mimi mwili hauna neno. Nimechoka tu, na si uchovu wa randa na msasa, maana huo huisha mtu akilala.

Sihaba binti yako alinipigia simu, akanieleza yote yaliyotokea siku ya kipindi. Kwamba uliwaalika wenzako mgahawani kwa Abubakary kwenye televisheni, ukavaa kanga mpya, ukakaa mbele, ukawaambia watazame vizuri viti. Kwamba Richard aliposema maneno yale, mgahawa mzima ulikugeukia wewe badala ya televisheni. Na kwamba Mwanabibi, jirani yako, alicheka hadi akamwaga chai, akasema kumbe miezi yote hii shoga yake alikuwa anasuka mashine. Tangu hapo, Sihaba anasema, ukipita kisimani unaitwa Mama Behewa. Umeacha kwenda kisimani. Na simu zangu hupokei.

Ningekuwa wewe nisingepokea pia.

Usidhani uongo wa viti ulikuwa peke yake. Kipindi kile kilisema behewa limefufuliwa kwa siku arobaini. Tumelifanyia kazi miezi kumi na minne! Miezi miwili ya kwanza hatukujenga chochote; tuling'oa misumari yenye kutu na kukwangua rangi juu ya rangi. Mwenzangu Agapiti, yule mzee wa Tabora aliyekula ujana wake katika karakana za reli, husema kwamba kutengeneza behewa la kale ni kuondoa kwanza ujinga wa waliolitengeneza kabla yako. Hilo halikuonyeshwa. Gundi inayokaushwa siku tatu haikuonyeshwa. Walichotaka ni mimi nipige randa ubao uleule wa mninga mara sita, kila mara kamera ikiwa upande mwingine, hadi ubao ukawa mwembamba kama chapati tukautupa. Kisha wakaomba mimi na Agapiti tugombane kidogo, eti watazamaji hupenda mafundi wakigombana. Agapiti alishindwa, kila akifungua kinywa anacheka. Mimi unanijua. Nilimfokea kwa dakika nzima juu ya msumari ambao haukuwapo, na baada ya hapo nikaenda kumwomba radhi mzee wa watu nyuma ya ghala.

Lakini nikukumbushe, na wengine wasikie, viti vile vilianzaje.

Kiti cha nane kilikuwa kimevalishwa plastiki nyekundu, chini yake sponji, chini yake gunia. Nilipofumua gunia nikakuta ukili, ule mkanda wa ukindu uliosukwa, umepauka kwa uzee, umeshonwa kama mkeka. Agapiti alidhani ni takataka za kujazia kiti, akanyoosha mkono autupe. Nikamshika mkono. Pembeni mwa ukili, katikati ya majani meupe, lilikuwa limepita jani moja lililotiwa weusi wa matope ya mtoni. Nililijua kabla akili haijalijua. Ndivyo alivyofanya bibi yetu, ndivyo ufanyavyo wewe: mwanzo wa ukili wako unapitisha jani moja jeusi, ili kili za wanawake kumi zikikutana kwenye mkeka mmoja, wa kila mmoja ujulikane kwa mahali lilipokaa jani lake. Mwanamke wa kwetu alikalisha abiria kwenye behewa lile kabla mimi na wewe hatujazaliwa, na hakuna aliyeandika jina lake popote. Nilikaa chini kwenye vumbi. Agapiti alidhani nimeumwa na nge.

Siku ileile nikakupigia. Mkaingia kinamasini wewe na wenzako watano, mkakata ukindu, mkaanika, mkachana, mkasuka. Ukaja mwenyewe hapa Kibiti kushona. Ulilitazama behewa limesimama juu ya magogo, mji mzima hauna reli, ukauliza treni hii inakwenda wapi, au itapita kwenye mikorosho? Agapiti amelisimulia neno hilo kwa kila mgeni. Ukapanda na mguu wako ule, ukashika shazia, ukashona kiti cha nane kwa siku mbili, kisha vingine vyote, na sindano ile kubwa mkononi mwako haikukosea hata tundu moja. Agapiti akaniambia kwamba wengi waliolipwa mshahara na reli miaka thelathini hawakuwa na mkono ule.

Sasa habari mbaya zaidi. Kamati inayoyahifadhi mabehewa haya inakaa Dar es Salaam, na viti vile imeviona kwenye televisheni tu. Yamebaki mabehewa mawili. Baada ya kipindi, kamati imeamua kuagiza kutoka nje "kitambaa kilekile" kwa ajili ya viti vyote vilivyobaki. Nami najua ukindu mmeshaukata, uko uani kwako unakauka.

Niliposikia hivyo nikafanya kile nifanyacho siku zote. Nikakaa, nikaandika makala ya gazeti, kurasa kumi na moja, ya kuwaumbua watu wa televisheni. Nilieleza jinsi wanavyogeuza jasho la miezi kuwa muziki wa dakika mbili, na jinsi wanavyomwamini fundi pale tu anapotoka mbali. Ilikuwa makala kali, dada, na karibu yote ni kweli. Jumatatu nikamsomea Agapiti. Alisikiliza mpaka mwisho huku anapiga msasa dirisha, hakuinua kichwa. Nilipomaliza akaniambia kwa upole kwamba mimi ni mtu wa kubisha kila kitu. Nabisha na sheikh, nabisha na mwalimu mkuu, nabisha hata na redio. Lakini siku ya viti, akasema, yeye alikuwa juu ya paa la behewa anapigilia bati, na alinisikia.

Basi nawe sikia, dada. Richard hakuyatunga maneno yale. Nilimpa mimi.

Tulikuwa ndani ya behewa, taa yao inaniwakia machoni. Richard akaweka mkono kwenye kiti cha nane, akatabasamu, akaniuliza kama huu si mkeka wa matangani huu. Mshika kamera akacheka. Si kicheko kibaya, cha mtu aliyechoka tu na mwenye njaa. Nami, niliyesoma vitabu vyote vile unavyonitania navyo, niliyekwisha kuwaandikia magazetini wakubwa wa kila aina bila kutetemeka, nilihisi uso wangu unapata moto. Nikamwambia hapana, huu umefumwa kwa mashine, umetoka nje. Alichoongeza yeye ni lile la mikono tu. Mkeka niliozaliwa juu yake, uliosukwa kwa mikono iliyonilea, niliuonea aibu mbele ya mtu ambaye hata jina langu la pili hakuliuliza.

Kisha nikarudi nyumbani, nikakasirika. Wiki mbili nilikasirikia televisheni kwa nguvu zangu zote ili nisibaki peke yangu na nafsi yangu. Televisheni ina uongo wake mwingi na siufuti hata mmoja. Huu ulikuwa wangu.

Zile kurasa kumi na moja nimewashia jiko. Jumanne nilimpigia mwenyekiti wa kamati nikamwambia kama nilivyokuambia wewe. Akasema Alhamisi hii inayokuja watafika Kibiti wajionee wenyewe, ila nisidhani kwamba baada ya hayo nitapewa behewa la pili. Nimemwambia ni haki yake. Jumatano nilipanda basi nije kwako, nikateremka njiani Ikwiriri, nikanywa chai katikati ya magunia ya ufuta, nikarudi. Ijumaa nikafanya vilevile. Hata mwenye chai ameanza kuniuliza kama ninauza ufuta au ninanunua. Ndiyo maana inakuja karatasi badala yangu.

Nisalimie shemeji, nisalimie wasusi wenzako wote watano, na Sihaba mwambie nashukuru kwa kunipigia, alikuwa na haki ya kunitukana na hakunitukana. Agapiti anakusalimu sana. Tangu kipindi kile hamruhusu mtu yeyote kukalia kiti cha nane. Anasema kinamsubiri mwenyewe.

Barua hii usiisome peke yako, dada. Nataka Sihaba aisome kwa sauti mgahawani kwa Abubakary, mbele ya televisheni ileile, wakiwapo walewale. Na Alhamisi pandeni basi la kwanza ninyi nyote sita, mje na kili mlizozianza, mkae kwenye behewa msuke mbele ya kamati. Watakaouliza, wajibuni wenyewe. Mimi nimeshasema yangu, na mliona nilivyosema.

Nawe Mwanabibi, najua uko hapo na kikombe mkononi. Ulimwita dada yangu mwongo. Sasa umemsikia mwongo ni nani, na jani jeusi liko pembeni mwa kiti cha nane kwa yeyote anayetaka kulitazama. Weka kikombe chini, simama, na kabla Sihaba hajaikunja karatasi hii mwombe radhi Mwanaamina kwa sauti ileile uliyomchekea.

Mdogo wake,
Mwinyimvua Mshamu