Siku Kompyuta Iliposema Milimani Hakuna Wanaume

Mpendwa mama mdogo,

Jumapili tulikuwa kwenye misa yako ya kumbukumbu, huko juu kwenu Nyandira, Mgeta. Ungefurahi. Kanisa lilijaa mpaka wengine wakasimama nje, na kwaya yako ilivaa sare mpya. Watu walikusema vizuri: sauti yako, ukali wako kwa watoto wanaochezea maji, jinsi ambavyo hukuweza kumwacha mgeni aondoke na njaa. Nami nikaitwa niseme neno. Nilisema machache ya adabu nikaketi, maana lile nililotaka kusema lilihitaji nieleze kwanza taipureta, kompyuta na hesabu za regresheni, na pilau ilikuwa imeshaanza kunukia nje. Basi nakuandikia, na wengine wanaruhusiwa kusoma.

Unakumbuka nilivyofika kwako mjini, Mwembesongo, kuja kusoma shahada ya pili? Wewe ulikuwa mchapaji wa idara pale chuoni, na tangu usichana wako ulikuwa umekula kwa jasho la ile taipureta nzito iliyokuwa ikitikisa meza. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya soko huria. Watu tuliokuwa tukiwaita walanguzi walikuwa sasa wanaitwa wafanyabiashara, mitumba ilikuwa imejaa sokoni, na kila aliyeajiriwa na serikali alikuwa ametega sikio asikie nani atapunguzwa kazi. Mkuu wa idara aliwaita wachapaji akawaambia waziwazi kwamba kompyuta zimekuja, na atakayeshindwa kuziendesha atapumzishwa. Jioni ile ulirudi ukachambua mchele bila kuimba. Wewe, ambaye hata ukisaga karanga ulikuwa unaimba.

Mimi nilikuwa nimetoka milimani Mgeta kuhoji wakulima wa kabichi na karoti. Nilitaka kujua, sasa soko limefunguliwa, ni nini kinachomfanya mkulima mmoja apate bei nzuri na mwenzake aambulie hasara. Ni umbali wa kutoka shambani hadi barabarani? Ni ukubwa wa shamba? Ni kisomo? Ni kwa sababu huyu ni mwanamume na yule ni mwanamke? Nilipanda na kushuka ile miteremko mpaka kucha za vidole vikubwa zikabadilika rangi. Uliniogesha miguu kwa maji ya chumvi, ukaniambia, "Lete hayo madodoso nikuchapie kwenye kompyuta. Nitajifunzia humo humo."

Nikakubali kwa furaha. Tuliandika kila jibu kwa namba ili kompyuta iweze kulipiga hesabu. Mwanamume moja, mwanamke mbili. Baada ya saa za kazi ulikuwa unakaa mbele ya kile kioo chenye maandishi ya kijani, miwani imeshuka puani, ukichapa kwa kasi kuliko mtu yeyote pale, huku ukinung'unika kwamba hii mashine haina mlio, mtu hajui kama anafanya kazi au anaota.

Halafu nikaanza kuendesha regresheni. Ni hesabu ambayo unaipa kompyuta safu zako za namba, nayo inakuambia kila jambo linaivuta bei juu au chini kiasi gani. Yangu ilikataa. Ilinipitishia maonyo mengi juu ya kioo kwa haraka, kisha ikasema kwa Kiingereza chake kikavu kwamba waliobaki kwenye hesabu ni wachache mno, na kwamba jinsia haibadiliki, kwa hiyo imeiondoa. Nilirudia. Nikabadilisha mpangilio. Nikaondoa kisomo, nikarudisha kisomo. Nikazima mashine nikaiwasha tena. Jibu lilikuwa lile lile.

Nikampelekea msimamizi wangu, Dakta Mbaruku, karatasi zilizochapwa. Alizisoma taratibu, akavua miwani.

"Yustina, hii inasema uliowahoji wote ni wanawake."

"Hapana, Dakta. Wanaume ni wengi kuliko wanawake."

"Wako wapi?"

Nikaanza kuzipekua zile karatasi upya. Akauliza swali ambalo lilinikata maini. "Milimani ulipanda kweli? Maana dodoso mtu anaweza kulijaza hata akiwa kitandani kwake."

Nilimwonyesha miguu yangu, mama mdogo. Nilivua viatu mbele ya mhadhiri. Hakucheka. Alisema nirudi Ijumaa na hesabu inayoeleweka, vinginevyo itabidi apeleke suala langu kwenye kamati. Nilijua maana yake. Mwanafunzi anayeshukiwa kutunga data hapewi nafasi ya pili.

Ulinikuta uani nikilia juu ya beseni la nguo. Nilipokusimulia, uliguna. "Yaani mashine inasema huko kwetu hakuna mwanamume? Na yule babu aliyekupa viazi ukashindwa kuvibeba, naye ni mwanamke?" Nilicheka na machozi yangu. Kisha ukaniambia niache kufua, kesho asubuhi tungekwenda kuwatafuta hao wanaume wote mmoja mmoja kama watoto waliopotea sokoni.

Tukakaa mbele ya kile kioo, wewe na mimi. Niliitaka kompyuta ihesabu safu ya jinsia peke yake. Ikanionyesha wenye mbili, na wengine wote ikasema hawana jibu. Nikafungua faili lenyewe, na macho yangu yakaona moja zipo, zimejipanga vizuri. Nilihisi naanza kuchanganyikiwa. Moja zipo, na mashine haizioni.

Nikakuomba uchape mstari mmoja nikiangalia. Sijui kwa nini nilikuomba. Nadhani nilikuwa nimeishiwa. Ulichukua dodoso la juu, vidole vikaanza kukimbia. Nne, saba, mbili, kidole kikapanda juu kwenye vile vitufe vya namba. Kisha ikaja moja, na kidole hakikupanda. Kilibonyeza katikati, chini ya mkono wako wa kulia.

"Mama mdogo, subiri. Moja unaipiga wapi?"

"Hapa." Ukagusa herufi L.

"Hiyo ni L."

"Ndiyo, L ndogo. Ndiyo moja hiyo. Taipureta yangu haina moja nyingine. Tangu niajiriwe, moja ni L ndogo."

Kwenye karatasi, nani angeona tofauti? Barua zote za chuo, tarehe zote ulizozichapa maisha yako yote, zilikuwa na L ndogo mahali pa moja, na kila aliyesoma alisoma moja. Lakini kompyuta haisomi kwa macho. Iliona herufi mahali pa namba, ikasema jibu hili halipo, na kila mkulima mwenye moja popote kwenye mstari wake ikamtupa nje. Wanaume wote walikuwa moja. Walibaki wanawake wachache ambao kwa bahati hawakuwa na moja hata mahali pamoja.

Faili lile lilikuwa namba tupu, hapakuwa na L hata moja iliyokuwa na haki ya kuwepo. Nikaiambia kompyuta ibadilishe kila L iwe moja, tukaendesha regresheni upya. Ikafikiri. Kisha namba zikaanza kushuka, safu kwa safu: jinsia ipo, kisomo kipo, na umbali umejitokeza wazi, ukisema kile ambacho kila mtu wa Mgeta anakijua mgongoni, kwamba kadiri unavyokaa mbali na barabara ndivyo bei unayopata inavyoshuka. Nilikukumbatia mpaka kiti kikalia. Nilikuwa mwepesi kama niliyetuliwa mzigo wa kuni.

Wewe hukucheka. Ulikuwa unaangalia mikono yako.

"Kumbe ni mimi," ukasema.

Hapo ndipo nilipoona upande wa pili. Kujitetea kwangu kwa Dakta kulikuwa ni kusema mchapaji alikosea, na mchapaji alikuwa wewe, wakati ule ule ambao mkuu wa idara alikuwa anatafuta nani hawezi kompyuta. Tulitembea hadi ofisini kwa Dakta. Nilikuwa nimeshaamua moyoni: nitasema nimechapa mwenyewe. Nimejifunza taipu shuleni, nimekosea, yaishe. Nikagonga mlango.

Tulipoingia, kabla sijafungua mdomo, ulikuwa umeshatangulia hatua mbele yangu.

"Habari za kazi, Dakta. Huyu mtoto milimani alikwenda. Aliyechapa ni mimi, na moja zote nimezipiga L. Sikujua kama mashine hii ina moja yake."

Dakta alikuangalia wewe, akaniangalia mimi, akaziangalia zile karatasi mpya. Nilisubiri aseme lolote isipokuwa lile alilosema.

"Mama Restituta," akakuambia, "faili langu la wakulima wa mpunga alilichapa nani?"

"Mwenzangu wa chumba cha pili."

"Naye taipureta yake haina moja?"

"Zote zililetwa pamoja, Dakta. Hakuna yenye moja."

Alifungua droo haraka, akatoa disketi, akatoka mbele yetu karibu anakimbia. Kwenye chumba cha kompyuta tulimsimamia nyuma yake. Alipotafuta L kwenye faili lake, zilikuwepo, zimetapakaa kama mchwa. Kwa hesabu hiyo pungufu alikuwa ameandika makala kwamba maji ya mfereji hayamsaidii mkulima wa mpunga, na alikuwa karibu kuituma ichapishwe. Aliegemea kiti, akapumua kwa muda mrefu, kisha akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. "Ningeaibika nchi nzima," alisema. Nawe ndipo ukacheka, mama mdogo, ukashika ukuta usianguke.

Yeye mwenyewe alikwenda kwa mkuu wa idara. Alisema wachapaji hawajashindwa kompyuta, ila hakuna aliyekaa nao kuwaonyesha. Mkapewa mafunzo. Walipotangaza wa kupunguzwa, wewe ulibaki, na ukastaafu kwa miaka yako, na keki, na khanga mbili. Mimi nikamaliza tasnifu. Dakta aliniomba radhi kwa lile swali lake, na mpaka leo namheshimu kwa hilo.

Lile la mlangoni sikukuambia kwa miaka mingi, kwamba nilikuwa nimejiandaa kudanganya kwa ajili yako. Nilikuambia siku moja tu, tumekaa kibarazani kwako tukimenya maharage, ulipokuwa umeshaanza kudhoofu. Nilidhani utashangaa. Hukuinua hata macho.

"Nilikuona ulivyomeza mate pale mlangoni," ulisema. "Nilijua unataka kusema nini. Ndiyo maana niliwahi."

Nakumbuka nilivyoacha kumenya, nikakutazama. Wewe ukaendelea na kazi yako, ukaanza kuimba taratibu.

Lala kwa amani huko juu, mama yangu. Huku chini hatudaiwi maelezo na mtu; lile nililoshindwa kulisema kanisani nimeshalisema.

Ni mimi mwanao wa kwa dada yako,
Yustina