Vipembe vya Shangazi Nyamizi

Alhamisi, jua kali na upepo wa vumbi. Nimefunga madirisha yote na bado uso unaniwaka.

Si joto. Ni aibu.

Jumapili nilikwenda Kwihara kuchukua ushanga ambao kila bibi harusi wa ukoo wetu huuvaa. Anayeutunza ni shangazi Nyamizi, dada mkubwa wa baba. Aliufungua kutoka kwenye kanga taratibu, kama anamfunua mtoto aliyelala, akanikabidhi kwa ajili ya binti yangu Kalunde, anayeolewa Jumamosi hii.

Kati ya shanga nyekundu palikuwa na vipande vyeupe, vyembamba, vilivyopinda. Sasa mtu wa Tabora akiona kitu cheupe kilichopinda anawaza nini? Pembe za ndovu. Na mjomba wa bwana harusi ni askari wa wanyamapori! Nilijiona nimetiwa pingu katikati ya ukumbi, kilemba kichwani.

Sikumuuliza mtu. Nilivipiga picha, nikavikata kwa mkasi wa jikoni, nikavitumbukiza chooni.

Jana kimbelembele kikanituma nimtumie picha Zuhura, binti wa jirani anayesoma viumbe vya baharini. Nilitaka asifu uangalifu wangu. Akajibu kwamba si pembe. Ni makombe, yaani magamba, ya mnyama laini wa jamii ya konokono na chaza, anayeishi amejifukia kwenye tope chini ya bahari, wengine kilindini kusikofika mwanga. Kombe lake ni mrija, wazi pande zote mbili. Moja halifanani na lolote alilowahi kuliona; je, naweza kumletea alitazame?

Mrija! Uzi ulipita ndani yake na mimi niliuona.

Leo nimempigia shangazi, nikamwambia yote.

"Pembe?" akasema. "Mwanangu, babu yetu alikuwa mpagazi wa misafara, alibeba pembe za watu begani mpaka pwani. Hata kipande hakupewa. Hivyo ndivyo vitu vyake mwenyewe alivyorudi navyo, akamvika mkewe."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Kalunde anataka tununue shanga nyeupe za plastiki sokoni, tuzibe mapengo. Nimekataa. Atauvaa ulivyo, na atakayeuliza pale palikuwa na nini, nitamjibu mimi, shangazi akiwa anasikia.