Sanduku la Mhandisi

Jumatano usiku, Aziziya, Jeddah

Wewe utakayeokota maandishi haya, nakusihi, usimwambie mtu hata neno moja.

Mdomo wangu umeniponza. Bosi aliniagiza nimwandikie maisha ya yule mhandisi Mzungu aliyepitisha reli ya kwanza milimani kwetu, apate kuwasomea vibarua wapya. Niliandika madaraja, mahandaki na malaria. Kisha, nikitaka kumfurahisha, nikamsimulia aliyonieleza babu, ambaye baba yake alibeba mataruma ya reli ile: mhandisi alivifungia vipande vya vibarua, yaani vitambulisho vyao vya kazi, katika sanduku la bati, akalilalia kama mto, wasitoroke.

Nilidhani atacheka.

"Huyo ndiye mhandisi," akasema. "Yalla, karani, tafuta sanduku. Kesho vijana wakifika kutoka Riyadh, kusanya paspoti zao zote."

Yangu anayo tangu nilipokuja. Nikimkasirisha, sijui nitarudi vipi kwa mama.

Nimempigia Barasa, dereva atakayewaleta. Nimemwomba awaambie wazifiche njiani, wakifika waseme wakala aliyewaajiri amebaki nazo.

"Na wewe, karani?"

"Nitampelekea sanduku tupu."

"Wewe? Unayeogopa hata honi yangu?"

Alicheka. Mimi sikuweza. Bosi akimpigia wakala, basi...

Ukiona kiti changu ki kitupu, usiulize ofisini. Nenda Riyadh, mtaa wa Shumaisi, wanakokunywa chai madereva wa kwetu, umtafute Barasa. Atasema hanijui. Mtajie sanduku.