Ncha Iliyobaki

Jumatatu, 3 Juni

Kosa la wengi ni kuogopa uzito. Wanadhani fundo hushindwa siku ya mzigo mkubwa. Sivyo! Mzigo hulikaza. Kinacholimaliza ni kubebeshwa na kupumzishwa, kubebeshwa na kupumzishwa, hasa likiwa la mkanda wa nailoni, ule bapa wa wapanda miamba. Nailoni inateleza. Kila ukilegea, ncha moja huingia ndani kidogo, kimyakimya.

Mume wangu alipoanguka mwambani akafa, mkanda wake waliniletea umenyooka. Hauna fundo. Wakasema alisahau kufunga. Hadi leo mtaani ndilo jina lake: Yule Aliyesahau.

Leo nimeutoa kabatini. Nimefunga fundo alilolizoea, la kuunganisha ncha mbili — kifundo chepesi upande huu, kisha ncha ya pili inakifuata kinyumenyume, njia ile ile. Nimeuning'iniza kwenye boriti ya baraza pamoja na ndoo ya maji. Pale ncha inapotokeza nimetia alama ya kalamu.

Jumatano, 5 Juni

Ndoo imening'inia tu. Alama iko palepale. Naitazama kama anayeuguza mgonjwa.

Wifi kapita akitoka sokoni. Eti: Wifi, umeposwa na ndoo? Nikamjibu, angalau hii haikoromi. Tukacheka. Kisha akaugusa mkanda, akautambua. Mkanda wa kaka yake. Akaondoka bila kuaga.

Mchana nimebadili. Nainua ndoo, naiachia. Nainua, naiachia.

Alhamisi, 6 Juni

Ncha imesogea! Upana wa ukucha.

Nilidhani ningefurahi. Badala yake nikasikia mtu nyuma yangu akivuta pumzi ndefu, vile mume wangu alivyokuwa akivuta kabla ya kupanda. Nimefundisha fizikia maisha yangu yote, siamini mizimu. Lakini sikugeuka.

Nainua, naiachia. Mkono unauma.

Jumamosi, 8 Juni

Ncha imetoka yote asubuhi hii. Ndoo chini, maji hadi sebuleni! Mkanda ukabaki unaning'inia kwenye boriti. Umenyooka. Vilevile kama siku ile.

Kwa hiyo hakusahau. Alifunga. Alifunga vizuri, akapanda na kushuka, akapanda na kushuka, akaliamini.

Nikampigia mwanangu. Yeye naye hupeleka wageni kwenye mwamba uleule. Nikamweleza yote, mpaka habari ya msuguano. Akasikiliza kwa adabu. Kisha: Mama, mimi siwezi kusahau. Fundo langu sijalifungua tangu ninunue ule mkanda. Nimelikaza kwa kulikanyaga, hata koleo halilitikisi. Naliacha limefungwa makusudi, yasije yakanikuta ya baba.

Makusudi!

Mtaa mzima tulimfundisha kuogopa jambo ambalo halikutokea. Na lile lililotokea analibeba begani.

Jumapili, 9 Juni

Mwanangu kapitia chai akielekea mwambani. Wageni wako garini, nje. Mkoba kauweka mezani. Nikamwomba nione mkanda. Kacheka: Mama, siku hizi umeajiriwa forodhani? Simu yake ikalia, akatoka nayo uani.

Nimeufungua mkoba. Fundo gumu kama kokwa. Zuri, limelala sawasawa, hata mimi ningelipa maksi zote. Ncha moja ndefu. Nyingine — ilibidi nivae miwani — imebaki kama punje ya mchele.

Ningeweza kulifungua mwenyewe. Lakini atasema mama kaanza kuchanganyikiwa, atalifunga tena papo hapo, atalikanyaga, ataliacha hivyo kwa miaka. Kumwambia nimeshamwambia. Lazima alione kwa macho yake.

Nimeuweka mkoba kwenye kiti, nikaukalia, mkanda mapajani. Mzee mzima! Naandika nikimsubiri amalize simu.

Honi. Tena honi. Kamaliza simu, yuko mlangoni: Mama, mkoba, watu wananisubiri. Nimesema ngoja nimalize mstari. Anacheka bado, lakini mkono keshaunyoosha.

Siinuki mpaka aitazame ile ncha.