Nguvu Alizoniongezea Gwakisa

Makongolosi, Jumamosi, 14 Juni.
Asubuhi baridi kavu, jua limechelewa kutoka, upepo wa upande wa Chunya umeshamwaga vumbi juu ya maji yangu ya kunawia.

Baba, shikamoo.

Kamwene nyote hapo nyumbani. Mgongo wako unasemaje na baridi hii? Mama aliniambia umeanza tena kukaa jikoni karibu na moto kuanzia alasiri, nikajua unaumwa, maana wewe kwa mdomo huwa hukubali. Na vitunguu vya kule bondeni vimeshika, au baridi imeviunguza kama mwaka jana? Mimi ni mzima. Kazi ya kupima dhahabu dukani ni ileile: wachimbaji wanaleta, tunachoma, tunapima, tunagombana, kesho yake wanarudi.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu ya hapo nyumbani mnaiweka sauti ya juu na jiko zima husikiliza. Tena jambo lenyewe linataka kufuatana, na wewe kwenye simu hunikatiza. Mshenga wa Gwakisa, yule fundi magari wa Mbeya, alileta barua ya posa hapo Kalenga, na Jumapili ijayo anarudi kuchukua jibu. Nakuomba usimjibu kabla hujafika mwisho wa barua hii. Mama atasema mambo ya posa huambiwa shangazi, si baba. Ni kweli. Lakini hili liko ndani ya injini, na shangazi hajui injini. Wewe umepandisha na kuteremsha malori kwenye mlima wa Kitonga ujana wako wote.

Gari langu unalijua, lile jekundu la milango miwili ambalo Krismasi ulilizunguka ukasema limetengenezwa kwa ajili ya watu wasio na ndugu. Ni la otomatiki, na shida yake ilikuwa mlima. Hapa Makongolosi na kote hadi Chunya linakimbia vizuri, lakini kutoka pale kwenda Mbeya barabara inapanda mpaka mnakutana na mawingu, hewa inakuwa nyepesi, na gari lilikuwa linahema kama mtu aliyebeba gunia. Malori ya tumbaku nayo yanapanda pole pole. Ukitaka kulipita moja unahitaji gari linaloitika papo hapo. Langu lilikuwa linafikiri kwanza.

Nilimweleza Gwakisa, naye akafurahi kuliko nilivyotegemea. "Tutalifungua pua," akasema, "halafu tutalibadilisha akili." Pua ilikuwa ni kutoa kile kisanduku cheusi cha chujio la hewa na kufunga bomba pana linalovuta hewa ya baridi kutoka nyuma ya bampa, pamoja na chujio jipya kubwa. Akili ilikuwa ni kuchomeka laptopu chini ya usukani na kuandika upya maagizo ya kompyuta ya injini, imimine petroli kiasi gani na iwashe plagi wakati gani, na ya gia boksi pia, ili ukikanyaga mafuta gia ishuke bila kusitasita. Nilimwachia gari, nikarudi kazini kwa basi.

Nilipokwenda kulichukua alinipa ufunguo mbele ya mafundi wenzake.

"Skola, huyu si paka tena."

"Ni nini sasa?"

"Washa usikie."

Nikawasha. Baba, lilinguruma mpaka mama ntilie wa jirani akageuka na mwiko mkononi. Vijana wa gereji wakapiga miluzi, mmoja akapaza sauti, "Bosi, tupeleke Tunduma tunywe soda turudi!" Nikacheka nao. Niliondoka pale nimefungua vioo vyote viwili pamoja na baridi ile, ili nijisikie nikipita. Sitakuficha kwamba niliipenda ile sauti.

Lakini shaka ilianza siku hiyohiyo. Dukani kwetu kipande kinachong'aa sana ndicho tunachokikwangua kwanza, na pengine kazi imeniharibu. Gwakisa aliponipa ufunguo alikuwa anatazama matairi, hakunitazama mimi. Nilipomwambia twende pamoja mlimani nikalijaribu akasema, "Usilipeleke mlimani kwa sasa, liache lizoee." Gari lizoee nini? Tena barua ya posa ilifika kwenu wiki ileile. Nikaanza kuwaza mambo ya ajabu. Niliwaza ameuza vifaa vyangu vya zamani akaweka vibovu. Niliwaza alikuwa analiendesha mjini na mtu, na hata kiti cha abiria nilikinusa, usicheke. Kilinukia grisi tu.

Sasa, kabla sijalipeleka gereji nilikuwa nimelipima. Unajua nilivyo. Nilichagua kipande kimoja cha mlima, kutoka daraja dogo mpaka kibanda cha muuza viazi, alfajiri kabla hakujawa na magari, nikiwa peke yangu, tangi nusu, mguu nimeushikilia palepale. Baada ya matengenezo nikarudia vilevile. Lilichelewa. Nikarudi chini nikapanda tena, likachelewa tena. Kelele za simba, mwendo wa kondoo. Nikampigia pale pale kibandani.

"Umekanyaga vibaya," akasema.

"Mguu ni uleule."

"Basi ni baridi."

"Baridi inaisaidia injini. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Akacheka. "Skola, unapima gari kama unga wa dhahabu. Sikiliza, nguvu nimeziweka mwisho kabisa wa pedali. Usikanyage nusu. Siku ukiwa na haja, kanyaga mpaka chini, utaziona."

Hilo neno ndilo lililonifanya nikuandikie barua hii. Lilikuwa jibu zuri, lina sababu ndani yake, nami nikaona aibu kuwa nimemshuku mtu aliyetuma watu kwa wazazi wangu. Nikaliamini.

Jumanne iliyopita nilikuwa napanda kwenda Mbeya. Mbele yangu lori la tumbaku, mzigo umefunikwa turubai, moshi mweusi. Nikalifuata mpaka barabara iliponyooka, mbele peupe, hakuna kitu. Nikatoka kulipita na kukanyaga mpaka chini kama nilivyoambiwa. Sauti ikapanda. Gari halikupanda. Gia haikushuka, nguvu hazikuja, nikabaki ubavuni mwa lori nikitazamana na magurudumu yake ya katikati, na huko juu kwenye kona likatokea basi dogo, taa zimewashwa. Kurudi nyuma nisingeweza, kulikuwa na gari lingine limeshajaza nafasi yangu. Mwenye lori aliona. Alishika breki mpaka turubai likatikisika, akaniachia upenyo, nikajipenyeza mbele yake na basi likapita likipiga honi ndefu.

Nilisimama pembeni. Nikazima injini, nikabaki ndani. Dereva wa lori naye akasimama, akaja dirishani, mtu mzima wa rika lako, koti la sufu mpaka masikioni. Nilidhani atanitukana. Akalitazama gari, akanitazama, akasema:

"Mwanangu, gari lako lina mdomo mkubwa kuliko miguu."

Sikulipeleka kwa Gwakisa. Nilikwenda kwa fundi umeme mmoja wa Uyole asiyetujua. Nilimwambia tu nimeliona limepungua nguvu, nataka asome kompyuta. Alichomeka, akatazama kwa muda mrefu, akaita mwenzake, wakatazama wawili.

"Nani ameliandika hili?"

"Fundi fulani. Amekosea?"

"Hajakosea. Kazi safi hii. Bomba na chujio vimefungwa vizuri, injini ingeongezeka kweli. Ila amelifunga koo. Hata ukikanyaga mpaka chini, injini inafunguliwa kama nusu na kidogo. Na gia amezuia isishuke ukiwa mlimani." Akachomoa waya. "Mtu hakosei hivi, dada. Ameandika hivi akitaka. Mmegombana?"

Nikamjibu kwamba ametuma posa. Yule mwenzake akacheka mpaka akakaa kwenye tairi.

Kutoka hapo nilikwenda moja kwa moja gereji kwa Gwakisa. Alikuwa chini ya gari la mtu, miguu tu ndiyo inayoonekana.

"Toka huko."

"Nani?"

"Toka, Gwakisa."

Akatoka. Aliponiona uso hakuuliza limeharibika nini. Hapo ndipo nilipojua kwa hakika, kabla hajasema lolote. Nilimweleza alichokisoma fundi wa Uyole. Hakukana. Alichukua kitambaa akajifuta mikono, na kitambaa kilikuwa kichafu kuliko mikono.

"Ile barabara naijua," akasema. "Nimevuta magari kutoka kwenye mabonde yale, Skola. Waliokuwamo siwezi kukusimulia. Nilikaa na laptopu nikafikiri, nikilifungua hili gari nitamfungulia njia ya kule bondeni."

"Ungeniambia hutaki."

"Ungekwenda kwa fundi mwingine."

"Ndiyo, ningekwenda."

"Ndiyo maana."

"Ndiyo maana ukanidanganya."

"Sikukudanganya. Nilikulinda."

Nikamweleza habari ya lori na basi. Nilimwambia hasa maneno yake, kwamba nguvu ziko mwisho wa pedali, na kwamba ni kwa maneno hayo nilitoka kulipita lori. Alikunja kile kitambaa. Kisha akasema, "Sikufikiri ungekanyaga kweli." Mafundi wenzake walikuwa wameacha kazi wanasikiliza. Akaomba nimwachie gari alirekebishe palepale, mbele yangu. Nikakataa. Nililirudisha Uyole, wakalifungua koo, na gia ikaachiwa ishuke inavyotakiwa.

Juzi nimelipima tena, daraja dogo mpaka kibandani. Baba, linakwenda. Lile bomba na maandishi mapya kweli vimelibadilisha, tena kazi ya mikono yote ni ya Gwakisa, kwa hiyo hata ufundi wake siwezi kuusema vibaya. Tatizo sasa liko kwangu. Kila nikitaka kulipita gari lingine, mguu unakanyaga lakini moyo unabaki nyuma kusubiri kama nitaitikiwa. Nimefuata malori mawili mpaka Mbeya, barabara ikiwa nyeupe, sijathubutu.

Najua utakachosema. Utasema kijana ana huruma, hakuiba, hakuwa na mwanamke mwingine, alichofanya alikifanya kwa mapenzi. Shangazi atasema mwanamume anayekuogopea ni bora kuliko asiyejali kama umerudi. Nimeyawaza hayo, na mengine ya kumtetea nimeyatunga mwenyewe, kwa sababu nampenda na sitaki ulisikie hilo kwa mtu mwingine kabla sijakuambia mimi. Lakini fikiri wewe unateremka Kitonga na mzigo. Fundi amekuambia breki amezikaza. Kumbe amezilegeza, ili uogope uende pole pole. Nia yake ni njema, anakupenda kama ndugu. Je, lori lako ungempa tena?

Kama angeniambia, "Skola, naogopa, sitaki," tungegombana siku mbili na ningemheshimu. Alichagua kunipunguzia huku akinisifu kuwa nimeongezeka, na nilipouliza akanipa sababu nzuri ya kuacha kuuliza. Sasa nikiolewa naye, akiniambia mtoto hana homa, nitakwenda kumpima tena. Akiniambia amekuja kwenu kukusalimu, nitampigia Mama nihakikishe. Dhahabu naweza kuipima kila siku kwa sababu ndiyo kazi ninayolipwa. Mume sitaweza, Baba. Nitachoka, naye atachoka kupimwa, na atakuwa na haki.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana. Mshenga apokewe vizuri, apewe chakula, asirudi Mbeya akisema Wahehe wamemfukuza na njaa. Mrudishieni barua yake kwa mikono miwili. Sababu msiitangaze. Semeni binti hajawa tayari, na Gwakisa ataelewa. Ila wewe mwenyewe uijue yote, na ukiona nimekosea niandikie kwa mkono wako. Usimtume Mama kunibembeleza.

Nisalimie Mama, mwambie sweta nimelipata na mikono yake imenitosha safari hii. Msalimie shangazi kwa heshima zote, na umwombe radhi kwa kuwa nimepita juu ya kichwa chake. Msalimie kaka wa shambani na mkewe, na mdogo wetu wa sekondari, asome fizikia, itamsaidia siku akiambiwa jambo na fundi. Bibi mpe mkono kwa ajili yangu, na mumwambie bado sijakonda.

Nakuachia hapo, nikikushika miguu.

Ni mimi binti yako,
Skola.

Jumapili asubuhi, mawingu. Bahasha sikuifunga jana. Gwakisa alipiga simu mara mbili usiku, na nilikaa nikiitazama mpaka ikanyamaza. Sikupokea. Jibu ni lilelile nililoandika hapo juu. Nililala saa nane kasoro robo.